Matairi ya mbele yamekula ndani, ya nyuma bado mazima: nayahamishaje kwenye gari la AWD?

Kina_mm

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua gari za AWD kwa undani.

Gari ni AWD ya muda wote, yaani magurudumu yote manne yanasukumwa na injini, matairi 225/60R17, yote manne aina moja, yalifungwa siku moja yakiwa na kina cha milimita 8. Yametembea kilomita 22,000 bila kuhamishwa hata mara moja. Nimepima kabla gari halijatembea, sehemu tatu kwa kila tairi:

Mbele kushoto: ndani 3.1, kati 4.8, nje 5.0
Mbele kulia: ndani 3.3, kati 4.9, nje 5.1
Nyuma kushoto: ndani 6.2, kati 6.3, nje 6.1
Nyuma kulia: ndani 6.0, kati 6.2, nje 6.2

Nihamishe sasa hivi au kwanza nishughulikie hili la kula ndani? Kwa mtindo gani? Au ninunue mawili mapya ya mbele nimalize? Jambo lingine: nikikata kona kali ya kuegesha kwenye lami kavu, gari linakuwa zito kama mtu kakanyaga breki kidogo, na tairi la mbele linalia.

DifuYaKati

Mkuu, asante kwa kupima sehemu tatu, maana bila hivyo tungekuwa tunabahatisha. Vipimo vyako vinaonyesha matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni tofauti ya mbele na nyuma. Hapo usitazame ukingo wa ndani, tazama katikati, kwa sababu mzingo wa tairi unaamuliwa na sehemu pana inayobeba uzito. Mbele una 4.85, nyuma 6.25, tofauti 1.4 mm. Kila milimita 1 ya kina ni milimita 6.28 za mzingo. Kwa hiyo tairi lako la mbele ni fupi kuliko la nyuma kwa karibu milimita 8.8 kila linapozunguka mara moja. Subaru wameweka kikomo cha robo inchi ya mzingo, yaani milimita 6.4, ambayo ni kina cha milimita 1 tu. Watengenezaji wengine wamelegeza zaidi ya hapo, hivyo fungua kitabu cha gari lako.

Milimita 8.8 inaonekana kitu kidogo kwenye mzingo wa mita 2.19. Lakini kwa kila kilomita moja magurudumu ya mbele yanazunguka karibu mara 1.8 zaidi ya ya nyuma. Safari ya kilomita 300 ni zaidi ya mara 500, na hiyo tofauti yote inamezwa na kifaa kinachounganisha mbele na nyuma. Kona nazo huleta tofauti, tena kubwa kuliko hii, ila kona inakwisha. Hii inaendelea hata kwenye njia iliyonyooka.

Madhara yanategemea una kifaa gani hapo katikati:

Kama ni difu yenye kaplingi ya viskasi, ndani yake kuna mafuta ya silikoni yanayosuguliwa kati ya sahani. Yakisuguliwa mfululizo yanapata joto, shinikizo linapanda, na mwishowe kaplingi inashika moja kwa moja.

Kama ni klachi za sahani zinazoendeshwa na kompyuta, hali ni mbaya zaidi pale matairi madogo yakiwa mbele. Gurudumu dogo linazunguka haraka, na kompyuta inasoma kwamba mbele kunateleza. Inabana klachi ili ipeleke nguvu nyuma, klachi zinasuguana bila sababu, mafuta yanaungua.

Difu ya kati aina ya Torsen ni gia tupu na inavumilia vizuri zaidi, lakini nayo inalika. Haibridi zenye mota ya umeme nyuma bila propela shafti hazina cha kuumia katikati, ingawa ABS na mfumo wa kuzuia kuteleza bado vinasoma kasi zisizolingana.

Huo uzito kwenye kona kali ni dalili ya mbele na nyuma kushikana. Inawezekana ni matairi tu, inawezekana kaplingi imeshaanza kuchoka. Linganisha matairi kwanza. Uzito ukibaki baada ya hapo, tatizo liko kwenye kaplingi, mafuta yake au umeme unaoiendesha.

Mawili mapya usinunue. Ukifunga 8 mm mbele huku nyuma kuna 6.25, tofauti ni 1.75, kubwa kuliko uliyonayo leo. Utakuwa umelipia tatizo zaidi.

Ukitaka kuiona tofauti yenyewe bila hesabu: jaza upepo sawasawa, egesha gari mahali tambarare pasipo na mteremko, piga alama ya chaki chini kabisa ya kila tairi, pale linapogusa ardhi. Weka gia huru, mtu mmoja akae kwenye usukani ulionyooka karibu na breki ya mkono, wengine wasukume taratibu kwa mstari mpaka alama za nyuma zirudi chini kwa mara ya kumi. Ni kama mita 22. Alama za mbele zitakuwa zimeshapita chini, chaki imepita pale tairi linapogusa ardhi kwa karibu sentimita 9, ukipima kwa kufuata mzingo wa tairi. Matairi yakiwa sawa, chaki zote nne zinarudi chini pamoja.

Mezani

Nizungumzie hilo la kula ndani, maana ukihamisha kabla ya kulirekebisha unapeleka tairi mbili nzima zikaliwe na ekseli ileile. Hesabu ndiyo hii: ukingo wa ndani umepoteza milimita 4.9 kwa kilomita 22,000, yaani 0.22 kwa kila kilomita 1,000. Ukileta mbele tairi lenye 6.2, baada ya kilomita 10,000 ukingo wake utakuwa 4.0.

Kwanza pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kutoka ukingo wa ndani kwenda nje, kisha rudi. Taratibu, na angalia nyaya zilizochomoza. Mkono ukienda nje laini halafu ukirudi ndani unakwaruzwa na ncha kali kama za msumeno, matairi yanaachana kwa mbele, yaani tou imefunguka. Hiyo ndiyo inayokula haraka kuliko kitu kingine chochote. Ukingo ukiwa umelika laini pande zote mbili za kiganja, shuku kemba, yaani gurudumu limelala juu likiingia ndani. Mara nyingi vyote viwili vipo, kwa sababu springi zikilala au bushi za mkono wa chini zikifa, kemba na tou zinahama pamoja. Ukikuta mabonde na vilima kuzunguka tairi, hiyo ni shokomzoba au balansi, si alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu.

Pandisha gurudumu la mbele kwa jeki, weka na stendi. Lishike kushoto na kulia kwa mikono miwili ulitikise: likicheza hapo tu, ni tairodi endi au raki ya usukani. Lishike juu na chini: likicheza, ni beringi ya gurudumu au boljointi. Kisha ingiza chuma bapa kwenye bushi ya mkono wa chini na uibinue. Mpira mzima unasogea kidogo na kurudi; uliochanika unaacha chuma kigonge chuma.

Vipuri vibovu vibadilishwe kwanza, ndipo gari liende kwenye mashine ya alaimenti. Kwa AWD dai magurudumu manne, si mawili ya mbele peke yake, na omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Fundi akipanga tou juu ya bushi iliyokufa, karatasi itatoka kijani na wiki ijayo tou imehama tena.

Bolti12

Mbona kuna njia fupi? Kifaa cha katikati kinaona wastani wa kila ekseli. Weka tairi moja lililolika na moja zima mbele, na vivyo hivyo nyuma. Wastani wa mbele na nyuma unalingana leo leo, kaplingi inapumzika.

DifuYaKati

Bolti12, kwa upande wa kaplingi hesabu yako ni sahihi kabisa. Kinachosumbua ni kwamba tofauti haijaondoka, umeihamishia kushoto na kulia. Difu ya kawaida iliyo wazi itaivumilia, kwa 1.4 mm gia zake ndogo zinazunguka polepole mno. Lakini difu ya nyuma ikiwa ni ile ya kubana, zile sahani zake zinaanza kusuguana mfululizo kama ambavyo kaplingi ingesuguana. Zaidi ya hapo, usukani unavuta kuelekea upande wa tairi dogo, na ukifunga breki kwenye maji upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Sipendekezi kwa matumizi ya kila siku. Matairi ya ekseli moja yabaki yanafanana.

Kuna na wale wanaoshauri kupunguza upepo kwenye matairi mazima ili yawe madogo. Hilo halifanyi kazi. Tairi la radiali (ile R kwenye 225/60R17) lina mkanda wa chuma chini ya mpira, na mzingo wake haubadiliki kiasi cha maana kwa upepo. Utapata joto na kula mabega tu.

Mtindo wa kuhamisha kwa AWD ni huu: ya nyuma yanakuja mbele moja kwa moja upande uleule, ya mbele yanakwenda nyuma kwa kupishana. Nyuma kushoto inakuja mbele kushoto, nyuma kulia inakuja mbele kulia, mbele kushoto inakwenda nyuma kulia, mbele kulia inakwenda nyuma kushoto. Tairi linalopishana linabadili mwelekeo wa kuzunguka, na hiyo inasaidia kulainisha zile ncha za msumeno. Tarajia mvumo kidogo kwa kilomita mia chache za mwanzo, ni ncha zinasagwa upande wa pili.

Ila kabla ya kupishana soma ubavu wa tairi. Ukikuta mshale na neno ROTATION, tairi hilo halibadili upande: mbele kushoto na nyuma kushoto zinabadilishana, kulia na kulia. Na saizi za mbele na nyuma zikiwa tofauti, mbele haiendi nyuma kabisa.

Kina_mm

Nashukuru sana. Nimeangalia, hakuna mshale, kuna neno OUTSIDE upande wa nje. Kiganja kinakwaruzwa kikirudi ndani, kama Mezani alivyoeleza. Je, nikipeleka la kushoto kulia, si ule ukingo uliolika utakuja nje? Na nina jeki moja na tairi la akiba la saizi kamili, natosha?

Mezani

Hapana, ukingo hauji nje. Wengi wanajikanganya hapo. Rimu ina uso mmoja wa kutazama nje; ukilitoa gurudumu kushoto ukalifunga kulia, upande wa ndani unabaki ndani. Njia pekee ya kuugeuza ni kulivua tairi kwenye rimu, kuligeuza, kulivisha tena na kupiga balansi upya. Na kwa tairi lako hilo nalo haliwezekani, kwa sababu OUTSIDE lazima itazame nje. Mifereji ya upande wa ndani imetengenezwa kusukuma maji, ya nje kushika kona.

Kwa hiyo ukingo wa 3.1 utabaki ndani, safari hii kwenye ekseli ya nyuma. Kama tou na kemba za nyuma ziko sawa, na vipimo vyako vya 6.2, 6.3, 6.1 vinaonyesha ziko sawa, hautaendelea kukimbia mbele ya wenzake. Ila ufuatilie: mifereji mikuu ina vinundu vya alama chini, kimo chake milimita 1.6. Ukingo ukifika usawa wa kinundu, tairi limekwisha hata kama katikati bado lina 3.

Tahadhari moja ambayo sitaki ipite kimya: baada ya kuhamisha, matairi yenye kina kidogo yatakuwa nyuma. Kwenye maji mengi barabarani nyuma ndiko kutakakoanza kuelea, na gari linaloteleza nyuma linageuka kabla dereva hajajua. Punguza mwendo kwenye madimbwi. Kama katikati ya tairi za mbele kungekuwa chini ya 3 mm, ningekwambia usihamishe.

Bolti12

Jeki moja na tairi la akiba vinatosha, unanyanyua mara tano. Tairi la akiba linashikilia nafasi tu, huendeshi nalo.

Anza na gari mahali tambarare, breki ya mkono, gia kwenye P au ya kwanza, vizuizi kwenye magurudumu ya upande usionyanyuliwa. Legeza nati robo mzunguko gurudumu likiwa bado chini, ndipo unyanyue.

1. Nyuma kulia: toa gurudumu, funga la akiba.
2. Mbele kulia: toa, funga lile ulilotoa nyuma kulia.
3. Nyuma kushoto: toa, funga lile la mbele kulia.
4. Mbele kushoto: toa, funga lile la nyuma kushoto.
5. Nyuma kulia tena: toa la akiba, funga lile la mbele kushoto.

Andika kwa chaki kwenye kila tairi linakokwenda kabla hujaanza, mfano "NYUMA KULIA". Ukifika hatua ya tatu mikono ikiwa na vumbi, matairi yote yanafanana.

Uso wa habu na mgongo wa rimu vipige brashi ya waya. Kutu ikibaki katikati, rimu inakaa upande, inatikisika, na nati zinalegea kutu inaposagika. Usipake grisi kwenye nyuzi za stadi, maana spana ya kipimo itakudanganya na utakaza kupita kiasi. Anza kukaza kwa mkono, kwa kuruka kama nyota, shusha gari, malizia kwa spana ya kipimo. Magari mengi ya saizi hiyo ni kati ya Nm 100 na 120, namba halisi iko kwenye kitabu. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Na jambo la hatari: AWD ikiwa na gurudumu moja juu ya jeki, usiwashe injini ukaweka gia "kujaribu". Magurudumu yaliyo chini yanaweza kupata nguvu na gari likaruka kutoka kwenye jeki.

Ukimaliza, panga upepo upya kwa stika ya mlangoni, kwa sababu mbele na nyuma huenda vina viwango tofauti na matairi yamekwenda na upepo wa kule yalikotoka. Panga yakiwa ya baridi. Kisha fanya riseti ya mfumo wa onyo la upepo. Ule unaotumia kasi ya magurudumu utakuwa umezoea mpangilio wa zamani na utawasha taa bure. Ule wenye sensa ndani ya rimu, baadhi ya magari yanahitaji kufundishwa sensa ipi iko wapi.

DifuYaKati

Niongeze hesabu ya mbele ili ujue utegemee nini. Katikati mbele kumelika 0.143 mm kwa kilomita 1,000, nyuma 0.080. Tofauti hiyo ya 0.063 ndiyo itakayoziba pengo. Baada ya kilomita 5,000 utoke 1.4 ufike karibu 1.1, baada ya 11,000 uwe kwenye 0.7, na hapo umeshaingia ndani ya kikomo hata cha Subaru. Alaimenti ikipangwa vizuri mbele kutalika polepole zaidi, kwa hiyo pengo litaziba taratibu kuliko hivyo, na hilo ni jambo jema. Pima kila kilomita 5,000, sehemu tatu zilezile, uandike. Usihamishe tena kabla matairi ya mbele na ya nyuma hayajakaribiana. Ukihamisha mapema kwa kufuata kalenda unalirudisha pengo ulilokuwa unaliziba. Yakishalingana, hapo ndipo uanze ratiba ya kawaida ya kilomita 8,000 hadi 10,000.

Kipindi hiki cha katikati tairi moja likipasuka, usifunge jipya la 8 mm. Tafuta lililotumika la aina ileile na kina kinachokaribiana, ukague namba nne za tarehe ubavuni: 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Au jipya lichongwe kwenye mashine mpaka kina cha mwenzake, pale huduma hiyo inapopatikana. Aina nyingine yenye maandishi yaleyale 225/60R17 haitoshi, mizingo ya watengenezaji wawili inaweza kupishana kuliko hiyo tofauti unayoihangaikia sasa. Tairi la akiba nalo lipime kabla ya kulitegemea: kama halijawahi kutumika lina 8, na halifai kukaa kwenye gari hili zaidi ya safari ya kufika kwa fundi.

Kina_mm

Nimeelewa. Kesho naanza na bushi na tairodi endi, kisha kuhamisha, alaimenti ya magurudumu manne mwisho. Tairi la akiba nimelipima: 8.0. Uzito wa kwenye kona ukibaki baada ya hapo nianzie wapi?

DifuYaKati

Anzia mafuta. Toa ya kwenye kaplingi au difu ya nyuma, popote klachi zilipo kwa gari lako, uyanuse na kuyatazama kwenye chombo cheupe. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, weka mapya ya aina iliyotajwa kwenye kitabu na si mbadala, kisha tembeza kilomita chache ukikata umbo la nane taratibu pande zote mbili, usukani karibu na mwisho, ili yaingie kati ya sahani. Rudia jaribio la kona kali. Ukiona bado linashika, kompyuta ya uchunguzi isome amri inayopelekwa kwenye kaplingi gari likiwa linakata kona: amri ikiwa karibu na sifuri na bado linabana, klachi zenyewe zimeshikana. Amri ikiwa juu, rudi kwenye sensa za kasi ya magurudumu na ya usukani kabla hujafungua kitu chochote.

Kwa mpangilio wa kazi yako, kabla ya alaimenti hakikisha upepo umeshapangwa na usukani uko katikati, la sivyo karatasi itatoa vipimo visivyo sahihi.